Alionya, Wakamweka Ndani

Nyie vijana mnaopakata kompyuta mapajani, mnaandika kamandi moja, mnakwenda kununua chipsi, mkirudi mnakuta mashine imejishushia kila kitu na imejipanga yenyewe, mie sina ugomvi na nyie. Ugomvi wangu ni na neno moja tu ninalolisikia kila nikipita kwenye ofisi zenu: "Lazimisha."

Mpwa wangu, Neema, alinipigia simu wiki iliyopita. "Mjomba, kuna pakeji ya programu inagoma kuingia. Wenzangu wananiambia nilazimishe. Nilazimishe?"

Nikamwuliza, "Inagoma kwa sababu gani?"

Nikasikia anabonyezabonyeza kibodi.

"Neema, imekuandikia nini hapo kwenye kioo?"

"Imeandika mengi, Mjomba. Sijasoma."

Nilikata simu. Kisha nikampigia tena kumwomba radhi, kwa sababu si yeye niliyemkasirikia. Niliyemkasirikia ni mtu mwingine kabisa, na hasira yenyewe ni ya miaka ya tisini. Nimestaafu, nywele zimeisha, wajukuu wananipanda mgongoni, na bado haijapoa. Basi kaeni niwaeleze inatoka wapi.

Naitwa Kapinga. Kwetu ni Songea, ila Dar ndiyo imenizeesha. Nakaa Segerea, uraiani, siyo gerezani, maana nikisema Segerea tu kuna watu huniuliza nilitoka lini. Kazi yangu maisha yote ilikuwa kutunza kompyuta za watu wengine. Nilianzia serikalini, kwenye mashine moja kubwa kama makabati manne, katika chumba cha baridi kiasi kwamba tulivaa sweta huku nje watu wanachuruzika jasho. Halafu biashara zikafunguliwa, wafanyakazi wa serikali wakapunguzwa, nami nikapunguzwa pamoja nao. Kampuni za watu binafsi zikaanza kuota kila kona, na moja ikanichukua. Ilikuwa Chang'ombe, Temeke, ikiingiza dawa za binadamu kutoka nje na kuzisambaza kwenye zahanati na maduka ya dawa. Jina lake silitaji. Ilishakufa, na wala sikuilia.

Pale ndipo nilipomkuta Mwanaidi.

Mwanaidi alikuwa mtoto wa Mtoni, wa familia ya hapahapa mjini tangu mababu. Alisoma hesabu chuoni, akaajiriwa na kampuni ile kabla yangu, na ndiye aliyekuwa mkuu wa kitengo cha kompyuta. Kitengo chenyewe kilikuwa yeye na mie. Alinizidi umri kidogo, alinizidi elimu, na kwa kazi hii alinizidi mbali. Nilimwita Dada Mwanaidi tangu siku ya kwanza na sijaacha.

Alikuwa na tabia moja iliyowachekesha watu wa ofisini. Mashine ikiandika kitu kwenye kioo, alikisoma kwa sauti, polepole, kama anasomewa salamu kutoka kwa ndugu wa mbali. Kisha anajibu. "Ahaa. Kumbe unataka kile kwanza. Sasa si useme?" Mie nilitoka serikalini, ambako ukiona maandishi usiyoyaelewa unaita mzungu wa matengenezo. Mwanaidi alinitoa huko. Nikija kwake nikimwambia mashine imekataa, hakuinua hata macho. "Imekataaje? Nenda kasome, halafu njoo uniambie kwa maneno yake, siyo kwa maneno yako." Nilikuwa nakwenda na kurudi kama mtoto aliyetumwa dukani akasahau alichotumwa. Baada ya miezi michache nikaanza kuelewa kwamba mashine karibu kila mara inasema ukweli, na inausema mapema. Wasiosikiliza ni sie.

Mjue pia kazi ilikuwaje. Hakukuwa na kushusha kitu kutoka mtandaoni. Programu zilikuja kwa flopi, diski za plastiki bapa, rundo zima limefungwa mpira. Unaanza na ya kwanza, mashine inakuambia weka ya pili, unaweka. Weka ya tatu, unaweka. Ukifika katikati, moja imeingia unyevu wa Dar, mashine inakwaruza kwaaa, kwaaa, kisha inakwambia haisomeki. Unarudi mwanzo. Na ukiwa umebakiza mbili, umeme unakatika, maana ilikuwa miaka ya mgao. Mwanaidi alizihifadhi diski zake muhimu kwenye kopo la bati la biskuti, akaweka humo vipande vya chaki vinyonye unyevu. Kopo lile lilikaa kwenye droo ya meza yake. Humo mlikuwa na nakala ya kila kitu ambacho seva yetu, ile mashine kuu, ilikihitaji ili ifufuke ikianguka.

Sasa niwaeleze jambo lenyewe, maana bila hilo hamtaona uchungu wangu. Programu haibebi kila kitu chake. Vitu vingi inaviazima kwenye mafaili ya pamoja tunayoyaita maktaba: namna ya kupanga maandishi kwenye kioo, namna ya kutafuta jina katikati ya majina elfu. Programu kumi zinaweza kuazima maktaba moja. Siku moja, kule kantini, Mwanaidi alimweleza mpishi wetu hivi: "Ni kama bomba la uani kwenye nyumba ya kupanga. Wapangaji wote wanachota hapo. Akija mpangaji mpya na ndoo yake ya kifahari, akang'oa koki ili aweke ya kwake, yeye atapata maji. Wengine je?" Mpishi akasema atampiga huyo mpangaji. Mwanaidi akacheka, akasema kompyuta ni mpole zaidi, inakukataza tu.

Na kweli inakataza. Ukiingiza pakeji, kuna kamandi inayoangalia kwanza: hii inahitaji nini, itaondoa nini, nani mwingine anakitegemea. Ikiona hatari inasimama. Inakuandikia kwa majina kabisa: programu fulani inahitaji maktaba ya toleo hili, nawe unataka kuiondoa. Sasa wale walioitengeneza waliacha mlango wa dharura. Unaongeza neno *nodeps*, maana yake usiangalie nani anamtegemea nani. Unaongeza na *force*, maana yake lazimisha. Hapo mashine inanyamaza, inafanya ulichotaka. Si kwamba hatari imeondoka. Umeiambia tu isikusemeshe.

Bosi wetu, Bwana Tungaraza, alikuwa mtu wa suti, sauti nzito, na haraka. Siku moja alitembelea ofisi ya mshindani wake akaona ankara zinazotoka kwenye printa zikiwa na nembo na mistari mizuri. Akarudi hana raha. Programu yetu ya stoo ilikuwa ya zamani, maandishi ya kijani, haina urembo, lakini ilijua kila katoni ya dawa iko rafu gani na inaisha muda lini. Bosi akataka ile nyingine. Akamleta mtaalamu kijana aliyesomea nje, Deogratias, tukamzoea kwa jina la Deo. Alikuwa mcheshi, mwenye heshima, anakuita braza hata kama hamjafahamiana. Sikuwahi kumchukia, na hili nalisema mapema msije mkakosea mtu wa kumchukia.

Tuliitwa kikaoni. Mwanaidi alikuwa ameshaipitia ile programu mpya. Akasema, namkumbuka alivyosema, bila kupandisha sauti:

"Bosi, hii ni nzuri. Ila inataka maktaba mpya, na ya stoo inatumia ya zamani. Tukiiweka kwenye seva hiyohiyo, ya stoo itakufa. Ama tutafute mashine ya pili, ama unipe muda niijenge upya ile ya stoo."

Bosi akamtazama. "Unanitisha?"

"Sikutishi. Nakueleza."

"Kwa hiyo nikiweka, itakufa."

"Itakufa."

Deo alisema anaweza kusubiri. Bosi alisema yeye hawezi. Kikao kikaisha hapo, na ile "itakufa" ikabaki kichwani kwa bosi, ikingoja kazi nyingine kabisa.

Ijumaa iliyofuata nilikuwa nimetumwa Kariakoo kutafuta ribini za printa. Mwanaidi alikuwa stoo chini, anarekebisha waya uliotafunwa na panya. Hatukujulishwa kitu. Nywila kuu ya seva tulikuwa nayo watatu: Mwanaidi, mie na bosi, ambaye aliidai kwa hoja kwamba kampuni ni yake. Basi bosi akamwita Deo, akamfungulia seva kwa mkono wake, programu mpya ikaingizwa. Ilifunguka vizuri. Ikachapa ankara ya mfano, nembo na mistari yake. Bosi akaitundika ukutani. Deo akaenda zake kwao Kinondoni.

Nilirudi mchana nikakuta watu wamejaa kwenye dirisha la kutolea dawa na wafanyakazi wa stoo wamesimama mikono mitupu. Programu ya stoo ikifunguliwa, inakufa palepale. Programu mpya ilikuwa inafanya kazi, lakini haikuwa na hata jina la dawa moja ndani yake. Kila kitu kilikuwa bado kwenye ile iliyokufa.

Mwanaidi alikuwa ameketi mbele ya seva. Aliandika kamandi inayouliza programu inategemea maktaba zipi, akasoma jibu kwa sauti kama kawaida yake: hii ipo, hii ipo, hii haipatikani. Akageuka kwangu. "Kuna mtu kang'oa koki," alisema. "Nipe kopo langu. Naondoa hii, narudisha ya zamani, tunapumua, halafu tutaulizana."

Akaandika kamandi ya kuondoa. Wakati huohuo bosi akaingia, nyuma yake watu wa mauzo wawili. Akaona mikono ya Mwanaidi kwenye kibodi na majina ya mafaili yanapita.

"Unafuta nini?"

"Naondoa pakeji iliyoingizwa leo, bosi. Ndiyo imeua..."

"Toa mikono hapo."

"Bosi, nikiacha katikati..."

"Nimesema toa mikono. Ulisema itakufa. Imekufa. Na sasa nimekukuta unafuta."

Vijana, mie nilikuwepo. Nilisema. Nilimwambia bosi hivyo sivyo, huyu anatengeneza. Akanijibu kwamba nikiendelea nitakwenda naye. Alikuwa na rafiki yake polisi, akapiga simu. Walikuja askari wawili, wakamchukua Mwanaidi mbele ya watu wote, mpaka mbele ya wateja waliokuwa dirishani, kwa kosa la kuhujumu mali ya kampuni. Alijifunga mtandio wake vizuri, akachukua pochi, akaniambia, "Kapinga, kopo liko droo ya pili. Toleo la zamani limeandikwa juu kwa wino mwekundu."

Nilikwenda kwenye droo. Bosi alishatangulia. Alikuwa ameifunga meza yote kwa utepe wa kufungia maboksi, akaniambia kila kilichomo ni kidhibiti, na askari watakuja kukipitia. Diski ambazo zingeifufua mashine zilikuwa mle ndani, naye anazilinda kama bunduki ya mwizi.

Kisha akatoa amri dawa zisitoke mpaka uchunguzi uishe. Wafanyakazi wa stoo walisema wanaweza kutoa kwa mkono, rafu wanazijua. Akakataa. Pale dirishani alikuwepo muuguzi wa zahanati moja ya Mbagala, mama wa makamo na sare yake nyeupe, aliyefuata maji ya dripu na kwinini ya sindano. Malaria ilikuwa imepamba moto upande ule. Aliniuliza, "Baba, kwani dawa zimeisha?"

"Hazijaisha."

"Naziona pale."

"Ndiyo, mama."

"Sasa?"

Nilimwambia arudi Jumatatu. Alinitazama kama mtu aliyetukanwa na mtu aliyedhani ana akili. Akaondoka. Sijui yaliyotokea kwenye zahanati yake siku zile mbili, sikuthubutu kuuliza.

Jumamosi asubuhi nilikwenda kituoni. Hawakuniruhusu kumwona. Kwenye benchi la nje nilimkuta mama yake, Bi Mgeni, kavaa baibui, na chupa ya uji mapajani. Askari walimwambia anywe kwanza yeye, waone, ndipo wampelekee mwanawe. Alikuwa ameshakunywa nusu kwa kuonja. Nilimwamkia.

"Marahaba, baba. Wewe unafanya naye kazi. Nieleze wewe, hawa hawasemi. Mwanangu kaiba nini?"

"Hajaiba, Bi Mgeni. Mashine imeharibika."

"Kaiharibu yeye?"

"Hapana. Yeye alikuwa anaitengeneza."

"Baba, mie sijasoma lakini sijawa mwendawazimu. Mashine ikiharibika, anafungwa mtu? Na akifungwa mtu, anafungwa fundi?"

Nimekaa na swali hilo hadi uzeeni.

Nikaona la kufanya ni moja. Bila lile kopo, mtu mwingine mwenye maktaba ya toleo la zamani ni Deo, aliyekuja na CD zake zenye matoleo mapya na ya zamani. Nikaenda Kinondoni, nikaulizia mpaka nikaipata nyumba. Nilimkuta anapiga pasi mashati, redio inacheza, chai na maandazi mezani.

"Karibu braza. Mashine inakwendaje?"

Hakuwa anajifanya. Hakujua lolote. Nikamweleza. Nilipofika kwenye askari aliichomoa pasi, akaketi kitandani.

"Dada Mwanaidi? Kwa lipi?"

"Wanasema kaua programu ya stoo."

"Si yeye. Ni mie." Aliyasema hayo hivihivi, kama mtu anayekwambia leo ni Jumamosi. "Wakati naingiza ilikataa. Ikaandika kabisa kwamba programu ya stoo inaihitaji ile maktaba. Nikamwambia bosi, bosi inakataa, inasema ya stoo itakufa."

"Bosi alikuwepo?"

"Alisimama nyuma ya kiti changu. Akaniuliza kama kuna namna ya kulazimisha. Nikasema ipo. Akasema fanya. Nikajua atakuwa amepanga na nyie, kwamba ya stoo mnaiacha. Kumbe hakupanga na mtu?"

Mpaka hapo nilidhani bosi ni mjinga, na mjinga unaweza kumsamehe. Kumbe aliambiwa mara mbili, na mtu na mashine. Alikuwa anajua kilichoua programu saa ileile anampigia simu rafiki yake. Na Deo hakuficha kitu. Angeulizwa Ijumaa angejibu Ijumaa. Hakuna aliyemwuliza.

Deo alivaa shati alilokuwa amelinyoosha nusu, akachukua CD, tukatoka. Bosi siku za Jumamosi alikuwa anasimamia ujenzi wa nyumba yake huko juu upande wa Wazo, ambako vumbi la kiwanda cha saruji linatua hadi kwenye majani ya mahindi. Tulimkuta na mafundi, kofia kichwani, anagombeza mtu kuhusu ngazi.

Deo ndiye aliyesema. "Bosi, Dada Mwanaidi hana kosa. Niliyebonyeza ni mie, na wewe ulikuwepo."

Bosi akatuvuta pembeni, nyuma ya rundo la matofali. "Polisi wanachunguza. Waacheni wafanye kazi yao."

"Wanachunguza nini wakati mie nipo?"

"Deo," alisema bosi, na hapo sauti yake ikawa ya upole, na upole ule ulinitisha kuliko makelele, "mkataba wako hatujausaini bado."

"Najua."

"Basi kuwa na akili."

Deo aliangalia viatu vyake vilivyojaa vumbi. Alikuwa kijana, kazi za namna ile zilikuwa za kuhesabu mjini, na nilijua ana mdogo wake anamsomesha. Nilidhani mambo yameisha.

"Basi bosi," alisema, "mie nakwenda kituoni nikaseme mwenyewe."

Na akaenda. Tulifika jioni. Askari wa kaunta alimsikiliza, akakuna kidevu, akasema hajawahi kuona mtu anakuja kudai kosa. Akatuambia mlalamikaji ni kampuni, aondoe malalamiko mlalamikaji mwenyewe, sie hatuna kauli. Deo akamwambia, "Basi niweke na mie ndani."

"Kwa kosa gani?"

"Lilelile."

"Kosa hilo lina mtu tayari."

Hayo ndiyo majibu. Basi Deo akaketi kwenye benchi, kando ya Bi Mgeni, akasema haondoki. Bi Mgeni, alipoelezwa huyu ni nani, alimkazia macho. Mie nilijiandaa kuamulia. Kisha akammiminia uji kwenye kifuniko cha chupa. "Kunywa," alimwambia. "Wewe umekuja." Jumapili ofisi ilikuwa imefungwa; nilipopita kituoni nilimkuta bado yupo, shati limekunjamana, anasaidia kuonja.

Jumatatu nilifika kazini na ile CD. Bosi alikuwa ofisini kwake, mlango umefungwa, na nje watu wa zahanati walikuwa wengi kuliko Ijumaa na hawakuwa wapole tena. Sikuomba ruhusa ya mtu. Niliketi kwenye seva nikafanya ambacho Mwanaidi angekifanya, na hili mlichukue kama kazi, siyo kama hadithi: maktaba mbili za matoleo mawili zinaweza kukaa nyumba moja kama kila moja ina chumba chake. Niliiweka ya zamani kwenye saraka, yaani folda, ya peke yake, kisha nikaiambia programu ya stoo, kabla haijaamka, iangalie kule kwanza. Sikung'oa ya mtu. Programu ya stoo ikafunguka na kijani chake, kila katoni kwenye rafu yake. Haikunichukua muda wa kupoza kikombe cha chai. Programu ya bosi ya ankara, ambayo mafaili yake yaliyofutwa Ijumaa niliyarudisha kutoka CD ileile, nayo ikaendelea. Muuguzi wa Mbagala alikuwa wa kwanza kuhudumiwa, akabeba maboksi yake akaondoka.

Hapo ndipo bosi alipotoka, akapanda gari, akaenda kuondoa malalamiko. Hakuwa na la kufanya: mashine ilikuwa inafanya kazi, Deo alikuwa anamweleza kila askari anayebadilisha zamu, na wateja walikuwa wanauliza kilichotokea.

Alirudi na Mwanaidi kwenye gari. Sura ilikuwa imemshuka, mtandio una alama za sakafu, lakini alitembea kama siku zote. Wafanyakazi tulikuwa uani. Bosi akasimama mbele yetu akakohoa.

"Kama mnavyoona, Dada Mwanaidi amerudi. Uongozi umekaa, umemsamehe. Turudi kazini."

Mwanaidi akauliza, kwa sauti ileile ya kikaoni, "Mmenisamehe nini?"

"Yaishe, Mwanaidi."

"Yataisha. Niambie kwanza nimesamehewa nini, maana wenzangu hawa wamesikia neno hilo na kila mmoja atakwenda nalo nyumbani."

Bosi alitazama saa yake. Deo alikuwa mlangoni. "Nilibonyeza mie," alisema, "na bosi alikuwepo." Watu wote wakamgeukia bosi, naye hakukanusha. Aligeuka akapanda ngazi kwenda ofisini. Nimewahi kuwaona watu wakikosa aibu, lakini wengi hukosa aibu kwa maneno. Yule alikosa kwa mgongo.

Mwanaidi aliingia ndani, akabandua utepe kwenye meza yake kipande kwa kipande, akatoa kopo lake la bati, na hakufanya kazi pale tena. Deo hakupata mkataba. Mie nilisubiri mshahara wa mwisho wa mwezi, nikaaga.

Tulikutana Keko. Mwanaidi alikodi chumba katikati ya maseremala, upande huu vitanda, upande ule makabati, tukafungua ofisi ya kutengeneza mitambo ya kompyuta ya kampuni ndogondogo. Vumbi la mbao liliingia kila mahali, tulifuta mashine kama watu wanaofuta samani, na mteja akipiga simu hakusikii kwa sababu ya randa. Deo aligeuka kuwa fundi mzuri kuliko mie. Sijawahi kumwona akiandika lile neno tena bila kumwita mtu wa pili aje asome kioo pamoja naye. Tulikula mkate pale kwa miaka mingi, na ofisi ilipokuwa kubwa tukahama, na tulipozeeka tukawaachia wengine.

Nyie mnaniuliza, kama mambo yaliisha vizuri, hasira ya nini? Ngojeni.

Mwaka jana nilialikwa harusi ya mtoto wa jamaa yangu. Meza niliyowekwa, nani naye yupo? Bwana Tungaraza, mzee, fimbo pembeni, watu wanampisha kwa heshima. Alinitambua. Nikamwamkia, tukaulizana afya, tukataja waliokufa. Kisha akawageukia wenzake wa mezani, akicheka, akasema, "Huyu tulikuwa naye kampuni ya dawa. Kapinga, yule dada yenu aliyetuharibia mashine, siku hizi yuko wapi?"

Hakuwa ananichokoza. Niliyatazama macho yake nikaona hivyo ndivyo anavyoamini. Miaka yote ile amekaa na uongo wake hadi umekuwa kumbukumbu, ameshausimulia kwa wanawe, na kwenye familia moja ya mjini hapa Mwanaidi ni mwanamke aliyeharibu mashine akasamehewa.

Niliweka kijiko chini. Nikamwambia, wenzake wakisikia, "Aliyeharibu ni wewe, mzee. Uliambiwa na Mwanaidi, ukaambiwa na Deo, ukaambiwa na mashine yenyewe, ukaagiza. Halafu ukamweka ndani mtu aliyekuonya, na mama yake akanywa uji wa kuonja kwa siku mbili. Alitoka bila kuombwa radhi. Nakwambia leo ili uzee ukijua."

Mtu mmoja alianza kuzungumzia pilau. Nilimaliza soda yangu nikaondoka kabla ya keki.

Kesho yake nilikwenda Mtoni. Mwanaidi alikuwa barazani na mjukuu wake, anamfundisha kusoma. Nilimsimulia yote, neno kwa neno, nikitaka nione uso wake utakavyokuwa. Alinisikiliza mpaka mwisho, vidole vyake juu ya kitabu cha mtoto.

"Ulimwamkia kwanza?" aliniuliza.

"Nilimwamkia."

"Basi vizuri," alisema, akamfungulia mtoto ukurasa mwingine.